Sikio Hutangulia Jicho

Alasiri moja ya mwezi wa Shaabani nilikuwa nimeketi barazani kwa mdogo wangu aliyeolewa Homa Bay, tukichambua mchele wa futari, kwani yeye na mama mkwe wake walikuwa wamefunga Sunna. Mwanawe wa miaka mitano akarejea kutoka chekechea, akavua viatu mlangoni, akaamkia, kisha akamkabidhi mamake karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi ile ilieleza kwa Kiingereza kifupi kwamba mtoto hajui kusoma, hatambui herufi zaidi ya sita, hajibu anapoulizwa, na kwamba wazazi wajiandae kumrudisha darasa la PP2 mwaka ujao. Mdogo wangu aliisoma mara mbili, akaitia chini ya sinia, asiseme neno.

Mtoto mwenyewe alikuwa amekwisha sahau habari ya karatasi. Alimwendea bibi yake, ambaye yeye humwita dani kwa Kiluo, akamsimulia jambo refu kwa lugha hiyo huku akipunga mikono. Kisha akaja kwangu akanisimulia lile lile kwa Kiswahili. Alikuwa amepita ufukweni, akaona mashua ikishusha samaki. Akanitajia ngege, mbuta, fulu, ningu, kamongo na omena, akanieleza ni yupi mwenye miiba mingi na ni yupi anayeweza kuishi ndani ya tope maji yakikauka. Nilimuuliza maswali kumi akayajibu kumi, na la mwisho akaliongezea swali lake mwenyewe. Nikabaki kujiuliza ni mtoto gani huyo wa karatasini asiyejibu anapoulizwa.

Nimeona ni vyema kuyaandika haya kwa sababu najua karatasi kama ile huingia katika nyumba nyingi, za pwani na za bara, na mara nyingi hufuatwa na machozi ya mama na bakora ya baba. Lakini nimechagua kuyaandika kutoka huko ziwani kwa sababu huko mambo yanaonekana kwa uwazi zaidi. Homa Bay na Migori ni kaunti mbili zinazopakana, kila moja ikiwa na watu zaidi ya milioni 1.1 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Mtu akitembea kutoka Kendu Bay hadi Isebania mpakani na Tanzania atasikia Kiluo, Kikuria, Kisuba kilichobakia vinywani mwa wazee wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, na Kiswahili cha sokoni kinachozidi kushamiri kadiri anavyoukaribia mpaka. Waislamu huko si wengi, lakini si wageni. Kendu Bay ni mji wa Waislamu tangu enzi za mababu, na jirani yake, Kanyadhiang, ndiko kwenye asili ya mzee Hussein Onyango, babu yake Rais mstaafu Barack Obama, aliyesilimu akachukua jina la Hussein. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa huko, mtoto huamka na Kiluo cha bibi yake, huenda chekechea akakutana na Kiingereza, hurudi akapita msikitini kwenye Kiswahili, na jioni hukaa mbele ya ustadhi kwa herufi za Kiarabu. Lugha nne kwa siku moja, na umri wake ni miaka mitano.

Neno kusoma limetudanganya wengi wetu. Tukilisikia tunaliona jicho na ukurasa, basi tunadhani maandalizi yake ni kumwonyesha mtoto herufi mapema iwezekanavyo, na akizikosa tunasema ni mzito. Ukweli ni kwamba herufi ni picha ya sauti, na asiyeisikia sauti ndani ya neno hawezi kuitambua picha yake. Mtoto anayesikia kwamba kuku, kaka na kamongo yanaanza kwa sauti moja ana mahali pa kuiweka herufi K siku atakapoonyeshwa. Asiyeisikia ataonyeshwa K mara mia, ataichora, ataikariri, na bado itabaki kuwa mchoro tu, kama nakshi ya kanga asiyoijua maana yake. Kazi ya miaka mitatu, minne na mitano, basi, ni ya sikio na ulimi kwanza. Mtoto ayajue maneno mengi na maana zake, ajue kwamba maneno hukatika vipande, na ajue kwamba ndani ya kitabu kuna mtu anayesema naye.

Wala hili si jambo geni katika dini yetu. Qur'ani inatuhadithia, katika Suratul Baqara, kwamba Mwenyezi Mungu alipomuumba Adam alimfundisha majina ya vitu vyote. Baba yetu alianza elimu yake kwa kujua majina. Na neno la kwanza la wahyi katika pango la Hira lilikuwa ni amri ya kusoma, lakini Mtume (s.a.w.), ambaye hakuwa mwenye kusoma maandishi, aliisikia kwa sikio kutoka kwa Jibril na kuitamka kwa ulimi. Yaliyoandikwa na masahaba juu ya mifupa na makuti ya mitende yalikuja baada ya kusikiwa na kuhifadhiwa.

Kuna na kisa kingine nikipendacho zaidi, nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Mdogo wake Anas bin Malik, mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na kidege chake cha kuchezea, na kidege kile kikafa. Mtume (s.a.w.) alipomwona ana huzuni alimuuliza habari za kidege chake, na katika Kiarabu jina la kidege, nughayr, lilikwenda vina na jina la mtoto. Tutazame yaliyomo katika sentensi ile moja fupi. Mtu mzima mwenye shughuli za umma mzima anasimama mbele ya mtoto. Anamwita kwa jina la heshima. Anamuuliza swali ambalo jibu lake analo mtoto. Na swali lenyewe lina vina vinavyopendeza masikioni. Waalimu wa watoto wadogo leo wanafundishwa mambo hayo hayo vyuoni kwa miezi.

Lakini sisi, tuseme kweli, tuna desturi nyingine. Tunamsifu mtoto kwa kunyamaza. Mtoto mwenye adabu, kwa maelezo ya wengi wetu, ni yule anayeketi kimya wageni wakija, asiyeuliza, asiyesimulia. Adabu ni nguzo, na sitaki kueleweka kwamba naipunguza. Ila kuna tofauti kati ya mtoto anayemkatiza mkubwa maneno na mtoto anayepewa zamu yake ya kusema, na mtoto ambaye hapewi zamu nyumbani hawezi kuipata mbele ya mwalimu mwenye wanafunzi hamsini. Mdogo wangu, kwa mfano, alikuwa amemkataza mwanawe kusema Kiluo mezani. Aliogopa Kiswahili chake kitaharibika, aje kusema samba badala ya shamba, na jamaa wa Mombasa wamcheke. Nia yake ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba mtoto alikuwa akila kimya kila siku, mbele ya watu watatu wanaompenda, kwa kuwa hakuwa na hakika ni neno gani linaruhusiwa.

Sauti ya sh haimo katika Kiluo, ndiyo maana ulimi uliozoea Kiluo huikimbilia s. Hilo si ujinga wala si ugonjwa, ni sikio ambalo halijafunzwa tofauti ile. Tulilifunza kwa mchele. Nilimimina konzi ya mchele siniani nikamwambia asikilize unavyosema: shhh. Kisha tukatafuta maneno yenye mchele ndani yake: shamba, shuka, shati, mshumaa. Katika siku ya tatu alimsahihisha baba yake, kwa adabu, na baba yake akacheka sana.

Kuhusu hofu ya lugha ya nyumbani kuziba njia ya lugha ya shule, utafiti umeelekea upande mwingine kabisa. Mwaka 2015 Benjamin Piper na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Kenya katika Kiingereza, Kiswahili na lugha za mama, Kiluo kikiwa mojawapo. Watoto waliyatamka maandishi ya Kiingereza kwa kasi, lakini walipoulizwa maana ya walichosoma ufahamu wao ulikuwa mdogo. Katika lugha ya mama walisoma polepole na kuelewa zaidi. Naam, walikuwa wakisoma kwa midomo. Sera ya nchi nayo inaijua hatari hiyo. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 imekubaliwa kwamba mtoto wa madarasa ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, au kwa Kiswahili panapochanganyika makabila, na mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote mwaka 2019 umelithibitisha hilo kuanzia PP1 hadi Gredi ya 3. Sera ni moja na darasa ni jingine, bila shaka. Wazazi wenyewe ndio huwa wa kwanza kudai Kiingereza, na shule za kulipia huwauzia wanachokidai.

Kwa hakika mtoto wa Kiluo ana utajiri ambao sisi wa pwani tungepaswa kuuonea wivu. Kiluo kina irabu tisa ambapo Kiswahili kina tano, na maneno yake huweza kuishia kwa konsonanti: ot ni nyumba, rech ni samaki, chak ni maziwa, dhiang' ni ng'ombe. Sikio lililokwisha tenganisha sauti hizo zote haliwezi kushindwa na ba, be, bi, bo, bu. Na ile dh inayowapa tabu watoto wengi wa bara katika dhahabu na dhambi, yeye anayo tangu alipojifunza jina la ng'ombe.

Siku ya pili ya ziara yangu nilimfundisha mpwa wangu kinyume. Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Unguja wanaujua mchezo huu bila kuambiwa. Askofu Edward Steere aliukuta Unguja katika karne ya 19 akauandika. Unachukua silabi ya mwisho ya neno unaipeleka mbele: samaki akawa kisama, kitabu kikawa bukita, mbuzi akawa zimbu. Bibi zetu waliutumia kuficha siri mbele ya watoto, na watoto wakaufumbua wakawa nao wanawaficha bibi zao. Kwa sikio linalojiandaa kusoma sijui zoezi lililo bora kuliko hilo, kwa kuwa anayecheza kinyume analazimika kulikata neno, kukishika kipande cha mwisho, kukishika na cha mwanzo, na kuviunga upya. Hakuna kalamu wala ada. Watoto wa miaka minne huanza kwa kupiga makofi tu, kofi moja kwa kila kipande: o-me-na, ka-mo-ngo. Wa mitano huweza kuondoa kipande: sema omena bila o. Wa sita ndio hugeuza. Mpwa wangu aligeuza akiwa na mitano, lakini alikosea sana, na kukosea kwenyewe kulimfurahisha.

Aliyekuwa na wasiwasi ni bibi yake. Mama yule hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alipoona ninamkatia mjukuu wake vipande vya maneno alimwambia mkwewe kwamba hayo ni ya waliosoma, na kwamba yeye asije akamharibia mtoto. Nimewasikia akina mama wengi wakisema hivyo. Hujitoa wenyewe katika kazi hii kwa heshima ya elimu, wakidhani kwamba mlango wa kusoma hufunguliwa na aliyeupita tu.

Ndiyo maana nimefurahi kuukuta utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa na kundi la watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, katika vijiji vya magharibi ya Kenya vinavyosema Kiluo. Walezi wa watoto wa miaka miwili hadi sita walipewa vitabu vya hadithi vinavyolingana na mazingira na lugha yao. Baadhi yao walifunzwa pia namna ya kukaa na mtoto juu ya kitabu: kumwacha aonyeshe picha, kumuuliza kinachoendelea, kuulizia la mbele, kuunganisha hadithi na mambo ya nyumbani. Vitabu vikifuatana na mafunzo, walezi walisoma na watoto mara nyingi zaidi na kwa ubora zaidi, na watoto waliyajua na kuyatamka maneno ya hadithi zile. Na lililo kubwa kwangu ni hili, kwamba watoto wa walezi wasiojua kusoma walinufaika si chini ya watoto wa walezi wanaojua. Faida ya msamiati ilionekana katika maneno ya vitabu vile hasa, basi tusiifanye kuwa muujiza. Lakini mlezi asiyejua herufi hata moja alishika kitabu, akaizungumza picha, na mtoto akatoka na maneno.

Kwa dani hatukuhitaji hata kitabu kwanza. Waluo wa zamani walikuwa na nyumba iitwayo siwindhe, ambamo mama mzee, pim, alilala na watoto wa kike na kuwapa hadithi, mafumbo na adabu za maisha. Siwindhe zimekwisha, ila wanawake waliosikia hadithi kutoka kwa waliokulia humo wako hai. Tulimwomba dani hadithi, akatupa ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la duara karibu na Kendu Bay ambalo jina lake lina maana ya kijiji kilichozama. Kikongwe alifika kijijini watu wakiwa katika ngoma na vinywaji, akaomba hifadhi, akafukuzwa kila mlango ila mmoja. Mwenye mlango ule akaambiwa aondoke usiku ule. Na mvua ikanyesha, kijiji kikaenda chini na ngoma zake. Aliisimulia kwa Kiluo, nami nikiwa sielewi hata nusu yake, lakini nilimwona mtoto. Alisogea mpaka magotini pa bibi yake. Ilipomalizika akauliza kama ng'ombe nao walizama, na kama yule mama aliyemkaribisha kikongwe alikuwa na watoto wa kwenda nao.

Hayo maswali mawili ni usomaji. Mtoto ameshika mfululizo wa matukio, ameona pengo, ametaka lizibwe. Siku atakapoufungua ukurasa ulioandikwa atautafuta ukurasa ule kwa njaa hiyo hiyo. Usiku wa pili dani aliianza hadithi tena, akanyamaza mahali kikongwe alipobisha hodi mlango wa tatu, akamwachia mjukuu aendelee. Hakuambiwa na mtu kufanya hivyo.

Kuna mzigo mmoja ambao mtoto wa Kiislamu hubeba na jirani yake hana. Chuoni juzuu hufunguliwa kutoka kulia, shuleni kitabu hufunguliwa kutoka kushoto. Mtu mzima hata haoni kwamba kuna jambo. Mtoto wa miaka mitano huchanganyikiwa, na asipoambiwa huanza kuandika jina lake kinyumenyume, kisha huambiwa ni mzito. Aambiwe kwa mdomo, na kidole kipite juu ya mstari mbele yake: cha chuoni tunakwenda huku, cha shule tunakwenda huku. Ndani ya wiki mbili au tatu huzoea. Na chuo nacho humlipa kwa faida kubwa. Mtoto aliyekwisha tofautisha ba, ta na tha, ambazo mwili wake ni mmoja na nukta tu ndizo hutenganisha, amelifunza jicho lake kutazama kilicho kidogo. Na aliyeimba irabu, fataha, kasra na dhumma, amekwisha kujua siri kwamba alama hugeuza sauti. Ustadhi na mwalimu wa chekechea wanamfundisha mtoto mmoja. Ni ajabu ya miji yetu mingi kwamba hawajawahi hata kusalimiana.

Hapa watu wa pwani tuna la kujivunia na la kutoa. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa Mombasa, walipoona watoto wao wanabaki nyuma wakati wa kuingia shule za msingi, walimwomba Aga Khan msaada wa kupata chekechea zitakazomwandaa mtoto bila kumvua dini na utamaduni wake. Chekechea ya kwanza ya mpango wa Madrasa ikafunguliwa Mombasa mwaka 1986, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waliouasisi. Unguja wakaufuata mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, wengi hawakuwa na shahada yoyote, wakafunzwa papo hapo kazini. Vifaa vilitoka uani: vifuu, makombe, mbegu, vitambaa, vizibo vya chupa. Mtoto alicheza, alisimuliwa, alisoma dua zake, aliulizwa maswali. Ninapoziona familia za Waislamu wa Migori na Homa Bay, waliotawanyika nyumba tatu hapa na tano pale, nadhani wanachohitaji si jengo. Baraza la msikiti siku ya Jumamosi, akina mama sita na mmoja wao aliyefunzwa, lingetosha kuanzia.

Kwa upande wa serikali, Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti, na tangu hapo madarasa yamejengwa na walimu wameajiriwa. Lakini jengo ni rahisi kulionyesha kuliko sikio la mtoto. Mashirika kama Uwezo, ambayo kuanzia 2009 yalipita majumbani kuwapima watoto, yalituonyesha katika ripoti zao za mwanzo kwamba ni watatu tu kati ya watoto kumi wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili. Tukalaumu darasa la tatu, tukalaumu na la pili. Wachache walirudi nyuma mpaka baraza la nyumbani.

Jambo jingine nalitaja upesi, lakini lisipuuzwe. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuandaliwa kwa sikio. Usaha unaotoka sikioni mara kwa mara si ada ya utoto. Ni wa kupelekwa zahanati, kwa kuwa huweza kula usikivu kidogo kidogo bila mtu kujua. Upande wa ziwani kuna malaria pia, ambayo ikipanda kichwani huweza kuacha madhara katika akili na masikio. Si bure kwamba chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya, tarehe 13 Septemba 2019, ilizinduliwa Homa Bay. Mama ahakikishe dozi zote zimetimia. Na mtoto anayeitwa mara tatu asigeuke, kabla ya kumwita mkaidi, simama nyuma yake umnong'oneze jina la kitu akipendacho.

Najua pia kwamba si kila mama ana alasiri za baraza. Wako wanaoshinda wakianika omena ufukweni, wako wanaoponda mawe ya dhahabu huko Macalder, wako wa mashamba ya miwa ya Awendo wanaofika nyumbani giza limeingia. Kwa hao sina mpango wa saa moja ya hadithi, na ninaowaletea mipango hiyo nawaona hawajawahi kuchoka. Lakini mtoto aliye mgongoni au pembeni ya jiko yuko pale pale. Omena wanaweza kuhesabiwa wakigeuzwa, na jina la kila chombo linaweza kutajwa na kukatwa vipande maji yakichemka. Dada mkubwa wa miaka tisa naye anaweza kucheza kinyume na mdogo wake, na atacheza vizuri kuliko sisi. Vidole vitakavyoshika kalamu hupata nguvu katika kumenya njugu na kuchambua mchele, wala si katika kuandika A mpaka Z mara kumi chini ya taa mbovu, kazi ambayo nimeiona ikipewa watoto wa miaka minne na ambayo, kwa maoni yangu, imewafundisha wengi kuchukia daftari kabla hawajajua ni la nini. Kwa mwenye simu ya intaneti, mradi wa African Storybook umeweka hadithi za watoto zenye picha tangu 2014, za bure, za Kiswahili na za Kiluo pia.

Mdogo wangu alikwenda kumwona mwalimu Jumatatu. Nilimsihi asiende na hasira, kwa kuwa mwalimu yule ana watoto hamsini na kitu, ubao mmoja na chaki. Alimwomba jambo moja tu, amruhusu mtoto ajibu kwa lugha itakayomjia, kisha yeye mwalimu ampe ya Kiingereza. Mwalimu, ambaye ni Mluo wa Mbita, alikaa kimya kidogo, akasema kwamba mwenyewe alipokuwa mdogo alivikwa kibao shingoni kwa kusema Kiluo shuleni. Habari ya kurudia PP2 wakaiahirisha mpaka mwisho wa muhula.

Siku ya kuondoka kwangu mpwa wangu alikuwa uani na kijiti, akichora mchangani. Alikuwa amekwisha geuza kinyume kila kilichomo nyumbani, na dani amekuwa nida. Bibi yake akainama, akamuuliza kwa Kiluo, mdogo wangu akanitafsiria: kati ya hayo yote, jina langu ni lipi? Mtoto akafikiri, akachora herufi nne kubwa, moja baada ya nyingine, akizitamka kwa sauti. Ile ya kwanza ilitazama upande usio wake, ikawa bani. Dani akaliinamia jina lile kwa muda mrefu, akawakataza kuku wasilikanyage, nasi tukaiacha ile b mpaka kesho yake.